Karatasi ya munganga haiuzwi kwa simu

Ndugu wafanyakazi, tuongee na watoto wetu wanaotafuta kazi.

Juzi kijana mmoja, mtoto wa mchimbaji, alifika dispanseri na karatasi yenye muhuri: «Anafaa kwa kazi ya chini ya udongo.» Mtu ambaye hajamwona hata siku moja alimwandikia kwa simu kwamba amepata kazi Kolwezi, atume dola 40 za uchunguzi kwa M-Pesa siku ileile. Baba yake alikopa feza hizo. Kazi hapana.

Nilimuuliza: «Nani alikupima?» Hakuna. Munganga wa kazi anapashwa kukuona wewe mwenyewe: anapima macho, masikio na msukumo wa damu, anasikiliza mapafu, anaomba picha ya kifua. Muhuri, hata mchongaji wa sokoni anauchonga. Na kijana huyo alikuwa anakohoa tangu wiki tatu! Nikamtuma kupimwa makohozi.

Kampuni ya kweli hailipishi mtu ili impe kazi. Ukiambiwa «harakisha, nafasi zinakwisha», usitume kitu. Nenda mwenyewe kuuliza kwenye ofisi inayoandika wafanyakazi. Kama umekwisha kutuma, usifute ujumbe wala namba: upeleke polisi upesi, bila haya.