Kanzu Ndogo ya Kila Mwaka

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: 1 Samweli 1:20–28, 2:11–29, 3:1–18, Kumbukumbu la Torati 6:4–9, Luka 2:40–52, Kutoka 2:1–10, Danieli 1.

Fungu la kukariri: 1 Samweli 2:19. Kila mshiriki alisome katika Biblia yake, na wazazi walikariri pamoja na watoto wao.

Kila Januari stendi za mabasi hujaa matranka, magodoro yaliyokunjwa na ndoo zilizoandikwa majina kwa rangi. Mama amelipa ada, amenunua sare na sabuni za kufulia, ameweka Biblia na kitabu cha nyimbo juu kabisa ndani ya tranka ili mtoto avione kwanza. Basi linaondoka. Mama anarudi nyumbani akiwa na huzuni, lakini pia na nafuu fulani moyoni, hasa kama shule anayokwenda mtoto ni ya kanisa. Sasa yuko mikononi salama. Walimu wapo, mchungaji wa shule yupo, kengele ya ibada hulia asubuhi na jioni.

Je, kazi ya malezi imehama pamoja na tranka? Juma hili tutajifunza habari za mama aliyempeleka mtoto wake akae mbali zaidi kuliko likizo ya Juni au Desemba, wala hakuacha kuwa mama yake.

JUMAPILI: Mtoto Aliyetolewa

Soma 1 Samweli 1:24–28 na 2:18–21. Hana alimtoa Samweli kwa Bwana kabisa. Ni tendo gani lililoendelea kila mwaka baada ya hapo?

Hana alikuwa ameomba mtoto kwa machozi, akaweka nadhiri, akaitimiza mara mtoto alipoachishwa ziwa. Samweli alikuwa mdogo sana, wa umri ambao wengi wetu tusingethubutu kumwacha hata kwa jirani. Tunapohubiri kisa hiki kwa kawaida tunaishia hapo, kwenye kutoa. Lakini mwandishi wa kitabu anaongeza jambo dogo: kila mwaka, Hana alipopanda pamoja na Elkana kutoa dhabihu, alimletea mtoto kanzu ndogo aliyomshonea.

Mtoto wa miaka mitano hawezi kuvaa kanzu ya miaka minne. Hana alishona akiwa Rama, na mtoto alikuwa Shilo. Biblia haituambii alipataje kipimo, lakini kila mshonaji anajua kwamba ilimlazimu kufikiri: amekuwa mrefu kiasi gani sasa? Mabega yamepanuka? Huenda mwaka mwingine alikosea, mikono ikapungua kidogo. Hata hivyo, kanzu ile ilikuwa ushahidi kwamba mama alikuwa akimwaza mtoto jinsi alivyo mwaka huu, wala si jinsi alivyokuwa siku alipomwacha mlangoni pa hekalu. Naye alikuwa na wengine wa kuwatunza nyumbani, kwa maana baadaye alizaa wana watatu na binti wawili.

Tazama sasa siku ya kutembelea wanafunzi katika shule zetu za bweni. Wazazi huja na pilau, kuku, tikiti maji na soda. Swali la kwanza ni, “Umekuwa wa ngapi darasani?” Mtoto anajibu, wa kumi na saba. Baba anakunja uso, anamkumbusha jinsi ada ilivyopatikana kwa shida, kisha mazungumzo yanageukia habari za nyumbani. Saa kumi wazazi wanaondoka. Wamemlisha, wamemkemea, na hawakumpima. Hawajui rafiki yake ni nani. Hawajui kama bado huomba peke yake, au kama ibada imekuwa kwake kengele tu. Hawajui kama kuna mtu bwenini anayemwogopa.

Tafakari: Ukiambiwa leo umshonee mwanao “kanzu” ya moyo wake, je, unavijua vipimo vyake vya mwaka huu?

JUMATATU: Nyumba ya Eli

Soma 1 Samweli 2:12–17, 22–29. Samweli alikuwa akikulia katika mazingira gani? Kwa nini Mungu alimhukumu Eli, ingawa alikuwa amewasemesha wanawe?

Hapa somo linakuwa zito. Shilo palikuwa mahali patakatifu, lakini makuhani vijana, Hofni na Finehasi, walinyang’anya watu nyama ya dhabihu kwa nguvu na kulala na wanawake waliotumika mlangoni pa hema. Hapo ndipo Samweli aliposoma, akalala na kula. Kwa hiyo jina la Mungu mlangoni halikutosha kuwalinda waliokuwa ndani. Darasa lisiogope kulisema jambo hili wazi. Bango la shule lenye jina la kanisa ni ahadi njema, lakini mtoto anayeumizwa na mtu mzima, au na mwanafunzi mkubwa, haumii kidogo kwa sababu ya bango. Mzazi anayeuliza maswali kwa upole, akamsikiliza mtoto mpaka mwisho bila kumwambia “usiseme vibaya juu ya watumishi wa Mungu,” hajaidharau shule. Anaisaidia.

Eli naye tumwangalie kwa haki. Habari alizisikia kutoka kwa watu wote, akawaita wanawe, akawaambia maneno mazito na ya kweli. Hata hivyo, katika 3:13 kosa lake linatajwa: hakuwazuia. Kusema na kuzuia ni vitu viwili. Eli alikuwa kuhani mkuu, na mamlaka ya kuwaondoa katika utumishi yalikuwa mkononi mwake. Hakuyatumia. Na 2:29 inagusa mahali panapouma zaidi, kwamba unono ule ulikuwa wa nyumba nzima. Mzee aliyekuwa akikemea alikuwa akila sehemu ya sahani ileile.

Wengine hulisoma fungu hili wakakimbilia kiboko. Hofni na Finehasi walikuwa watu wazima wenye vyeo, na kiboko hakikuwa swali. Kuzuia kulimaanisha kuchukua hatua itakayomgharimu anayeichukua: kumwondoa mwanao katika nafasi anayoitumia vibaya, kukataa faida inayokuja kwa njia hiyo, kukubali aibu mbele ya kanisa.

Na bado mtu huyuhuyu alimfundisha Samweli namna ya kuitikia sauti ya Mungu (3:8, 9). Eli alijua kufundisha. Wako wazee wa kanisa, walimu na wachungaji wanaofanya vizuri na watoto wa wengine, huku wao wenyewe nyumbani hawana hata nusu saa. Mtoto wa mchungaji anayajua mahubiri ya baba yake kuliko anavyomjua baba yake.

JUMANNE: Kunoa

Soma Kumbukumbu la Torati 6:6–9. Ni nyakati zipi na mahali gani panapotajwa? Ni mangapi kati ya hayo yanahitaji darasa?

Neno la Kiebrania linalotumika hapa kwa kufundisha watoto linahusiana na kunoa. Aliyewahi kunoa panga anajua kwamba haliwi kali kwa mkwaruzo mmoja, hata ukiukaza vipi. Ni kurudia, kwa mkono mtulivu, kila siku kabla ya kwenda shamba.

Musa anataja kuketi nyumbani, kutembea njiani, kulala na kuamka. Lakini angalia kwamba fungu la 6 linatangulia: maneno hayo yawe kwanza moyoni mwa mzazi. Mtoto anayeona Biblia ya baba ikifunguliwa Sabato tu ameshafundishwa tayari, ingawa hakuna aliyesema neno.

JUMATANO: Walidhani Yumo

Soma Luka 2:41–51. Yusufu na Mariamu walikosea wapi? Walifanya nini walipogundua?

Hawa hawakuwa wazazi wazembe. Kila mwaka walikwenda Yerusalemu wakati wa Pasaka. Walikuwa wakitoka ibadani, wakiwa pamoja na ndugu na watu wa imani yao. Kosa lao lilikuwa dogo na la kawaida kabisa: walidhani mtoto yumo katika msafara. Shangazi yuko naye, wenzake wako naye, atakuwa mbele huko. Wakatembea mwendo wa siku nzima.

Ndivyo watoto wengi wanavyopotea katikati ya kanisa. Mtoto yuko kwenye Watafuta Njia, ana skafu na beji, anaimba kwaya, amehudhuria makambi, na wazazi wanadhani yumo. Mwalimu wa Shule ya Sabato anadhani nyumbani wanaomba naye. Nyumbani wanadhani mwalimu ameshamweleza habari za wokovu. Shule inadhani vyote viwili. Kila mmoja anadhania mwenzake, na hakuna aliyemwuliza mtoto mwenyewe.

Walipogundua, hawakubishana nani wa kulaumiwa. Walirudi, wakamtafuta, wakamwona siku ya tatu. Siku moja ya kudhani iliwagharimu zaidi ya siku moja ya kutafuta. Mzazi ambaye mwanae ana miaka kumi na sita, naye anaona amechelewa, asikate tamaa kwa fungu hili. Arudi tu njia ileile, aanzie mahali alipomwona mara ya mwisho. Pengine ni mazungumzo yaliyokatika miaka mitatu iliyopita, au ahadi ambayo mzazi hakuitimiza wala hakuomba radhi.

ALHAMISI: Shule ya Farao, Shule ya Babeli

Soma Kutoka 2:7–10, Matendo 7:22, Waebrania 11:24–26, Danieli 1:3–8.

Si kila familia inaweza kulipa ada ya shule ya kanisa, na Biblia haiwafungii wazazi hao mlango. Musa alisomeshwa hekima yote ya Wamisri. Danieli na wenzake walifundishwa miaka mitatu maandishi na lugha ya Wakaldayo, wakabadilishwa na majina. Hawakuikataa elimu. Walijua tu mpaka uko wapi, na mpaka huo hawakuupatia Babeli.

Yokebedi alikuwa na muda mfupi mno, tena akilipwa ujira na binti ya Farao kumlea mwanawe mwenyewe. Aliutumia. Musa alipokuwa mtu mzima, alijua watu wake ni akina nani.

Kwa mtoto anayesoma shule ya serikali au ya watu binafsi, mpaka hujitokeza mapema: twisheni ya Jumamosi, mtihani wa majaribio uliopangwa siku ya Sabato, michezo inayoanza Ijumaa jua likishazama. Mara nyingi tunamwachia mtoto wa darasa la sita akamweleze mwalimu mkuu peke yake. Danieli alisema kwa adabu na akatoa pendekezo, lakini alikuwa kijana aliyekwisha kufundishwa. Mtoto wetu anahitaji mzazi atangulie, aende ofisini mapema mwanzoni mwa muhula, akiwa na barua ya kanisa ikibidi, aombe kwa heshima, na kujitolea kwamba mtoto atafanya kazi hiyo siku nyingine. Mtoto akimwona baba yake amesimama pale kwa utulivu, amepata somo la Sabato ambalo hakuna kitabu kitakachompa.

IJUMAA: Kwa Kujifunza Zaidi

Mwaka 1848, James na Ellen White, wakiwa maskini na wakisafiri kuwatia moyo waumini waliotawanyika, walimwacha mtoto wao wa kwanza, Henry, kwa familia ya Howland huko Topsham, Maine. Hakuwa ametimiza hata miaka miwili. Alikaa huko yapata miaka mitano. Ilikuwa katika miaka hiyo, mwaka 1852, ambapo James White alianzisha gazeti la vijana, The Youth’s Instructor, na kuandika humo masomo ya kwanza ya Shule ya Sabato. Kwa hiyo kijitabu kilicho mkononi mwako kina asili yake katika kazi ya baba ambaye mwanawe mwenyewe alikuwa akilelewa katika nyumba nyingine.

Ellen White hakulichukulia jambo hilo kirahisi, na katika maandishi yake alieleza uchungu wa kutengana huko. Aliwaandikia wanawe barua walipokuwa mbali naye. Henry alikufa Desemba 1863, akiwa na umri wa miaka kumi na sita, na mwaka uliofuata baadhi ya barua hizo zilichapishwa kwa faida ya vijana wengine. Kitabu chake Elimu kilitoka mwaka 1903, karibu miaka arobaini baada ya mazishi hayo. Anayekisoma akumbuke kwamba aliyekiandika alikuwa mama wa wana wanne, na wawili alikuwa amewazika.

Maswali ya Kujadiliwa

1. Samweli alikua vizuri chini ya mlezi ambaye wanawe waliharibika, lakini wanawe Samweli mwenyewe hawakuenenda katika njia zake (1 Samweli 8:1–3). Biblia haielezi sababu. Darasa lizungumze bila kuwahukumu wazazi waliopo ambao watoto wao wameliacha kanisa.

2. Kama mtoto wa bweni angeleta malalamiko mazito dhidi ya mtumishi anayeheshimiwa, kanisa lenu lingemsikiliza kwa utaratibu gani? Nani angesimama upande wa mtoto tangu siku ya kwanza?

3. Katika kanisa lenu, ni watoto wangapi wako shule za bweni sasa hivi? Andikeni majina yao. Nani amewaandikia barua au kuwapigia simu muhula huu?

4. Mama mjane anauza mboga sokoni tangu alfajiri hadi usiku. Anapolisikia somo la kunoa, anahuzunika kwamba hana muda. Mtamwambia nini, na mtamsaidia kwa jambo gani hasa, wiki hii?

5. Mjulisheni mwalimu mmoja wa shule ya karibu, awe Mwadventista au la, kwamba mmemwombea kwa jina. Kisha mwulizeni anaona nini kwa watoto wetu ambacho sisi nyumbani hatukioni.