Je, Mungu Anataka Sadaka au Hataki?

Maandiko ya kusoma: Kumbukumbu la Torati 16:16–17, Zaburi 51:16–19, Walawi 6:1–7, Marko 7:9–13



Hili ni swali ambalo huleta mjadala mkali kwenye ushirika wa nyumbani. Kumbukumbu la Torati 16:16 inatuagiza tusije mbele za Bwana mikono mitupu. Halafu unafungua Hosea 6:6, na Mungu anasema anachotaka ni rehema, si dhabihu. Amosi 5:21–24 ni kali zaidi: sadaka za Israeli amezikataa, na hata nyimbo zao hataki kuzisikia. Sasa tushike lipi?

Wengi wetu tumeshachagua upande. Kuna anayeshika Malaki 3:10 peke yake, na kwake ibada imekuwa bahasha. Kuna anayeshika Hosea peke yake, na kila kikapu kikipita anajiambia, "Mungu anaangalia moyo." Wote wawili wamesoma nusu.

1. Zaburi moja inasema yote mawili

Katika Zaburi 51, Daudi anatubu baada ya mambo ya Bathsheba na kifo cha Uria. Mstari wa 16 anakiri kwamba Mungu hapendezwi na dhabihu. Mstari wa 19 anasema Mungu atapendezwa na dhabihu za haki, na ng'ombe watatolewa madhabahuni. Ni maombi yaleyale ya mtu yuleyule!

Daudi alijua Torati. Hesabu 35:31 inakataza kupokea fidia kwa ajili ya uhai wa muuaji. Hakukuwa na ng'ombe wa kulipia damu ya Uria, hata kama mfalme ana zizi zima. Ndiyo sababu mstari wa 17 umekaa katikati: moyo uliovunjika na kupondeka. Moyo ukishanyooka, ng'ombe anakaribishwa.

2. Lipa mwenye haki kwanza

Walawi 6:1–7 inaongea kuhusu mtu aliyemdhulumu jirani yake. Anatakiwa arudishe kile alichochukua, aongeze sehemu ya tano, na ampe mwenyewe. Hebu tupige hesabu. Ulimpunja fundi shilingi 10,000. Sehemu ya tano ni 2,000. Fundi anapokea 12,000 mkononi, na wewe unaleta kondoo wako kwa kuhani.

Yesu anafundisha mpangilio huohuo katika Mathayo 5:23–24. Acha sadaka yako pale madhabahuni, nenda ukapatane na ndugu yako, kisha urudi utoe. Angalia vizuri: hakusema uirudishe nyumbani.

Kwa hiyo kama mfanyakazi wako wa nyumbani hajalipwa miezi miwili, na Jumapili unatuma shukrani nono kwa M-Pesa, hizo pesa ni za nani? Soma Yakobo 5:4. Mshahara uliozuiliwa unapiga kelele, na Mungu anausikia kuliko tunavyosikika sisi kwenye sifa.

3. Neno kwetu tunaopokea

Marko 7:9–13 Yesu anawakemea viongozi waliomruhusu mtu kusema mali yake ni Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, ili asiwasaidie wazazi wake. Kama mama yako kijijini amekosa dawa ya presha kwa sababu pesa uliziahidi kanisani, usiseme ni imani. Nunua dawa. Na mhubiri asikuzuie.

Kisha kuna yule mjane wa senti mbili. Sisi wahubiri tunapenda kuanzia Marko 12:41. Anzia mstari wa 40, ambapo Yesu anawashutumu wanaokula nyumba za wajane. Mjane aliheshimiwa na Bwana. Waliomla waliahidiwa hukumu. Anayebeba kikapu na akumbuke mistari yote miwili.

4. Kwa yule asiye na kitu

Kuna mtu ambaye wiki hizi haji kanisani kwa sababu kazi imeisha, na anaona aibu kikapu kikimfikia. Mpendwa, soma mpaka mstari wa 17 wa Kumbukumbu 16: kila mtu atoe kwa kadiri alivyobarikiwa. Katika Walawi 5:7–11, asiyeweza kondoo alileta hua wawili au makinda mawili ya njiwa, na asiyeweza ndege alileta unga kidogo. Mungu alipanga nafasi ya maskini ndani ya sheria yenyewe.

Yusufu na Mariamu waliitumia nafasi kama hiyo. Mama aliyejifungua aliruhusiwa ndege kama hawezi kondoo (Walawi 12:8), na Luka 2:24 inataja ndege tu. Mwokozi wetu aliletwa hekaluni kwa sadaka ya maskini. Wewe njoo.

Kabla ya Jumapili

• Kuna mtu ninayemdai Mungu anibariki huku mimi nina deni lake?
• Wazazi wangu wanakula nini wiki hii?
• Nikishamaliza hayo, je, natoa kwa furaha, au bado natafuta andiko la kujificha?

Tuombe: Bwana, nyoosha moyo wangu, kisha upokee mkono wangu. Unikumbushe jina la yule ninayepaswa kumlipa kabla sijafika madhabahuni. Katika jina la Yesu, amina.