JOTO LA NYUMBA HUINGIA KWA PAA

Mwenye nyumba wa Barani, toka Kilifi hata Malindi, akipata fedha huondoa makuti akaezeka mabati. Hapana lawama katika jambo hilo, kwa kuwa bati halishiki moto kwa cheche ya jikoni, wala halihitaji kubadilishwa kila baada ya miaka michache. Lakini kaskazi ifikapo, watu wa nyumba hiyo huhamia barazani usiku, na mtoto mchanga hulia kwa joto. Dawa yake si kuyang'oa mabati, bali ni kujua joto hupita wapi.

Malindi iko kadiri ya nyuzi 3 kusini mwa Ikweta. Kwa hiyo jua la adhuhuri hupita juu ya utosi mwezi wa Machi na tena mwanzo wa Oktoba, na katika miezi mingine haliinami sana. Paa ndilo lipigwalo na jua kuliko ukuta. Tena, hewa iliyotulia haipitishi joto upesi. Makuti yamepandana tabaka kwa tabaka, na kati yake imo hewa ya namna hiyo. Ndiyo sababu chini yake pana ubaridi. Bati ni jembamba: hupata moto mara moja, na joto lake huwashukia waliomo.

Basi yafaa kufanya mambo haya.

Kwanza, kutia dari ya mbao au ya ubao mwembamba, na kuacha nafasi kati yake na bati ili upepo uondoe joto. Wengine huezeka makuti juu ya mabati, lakini hao hawana budi kujihadhari na moto.

Pili, kupaka mabati rangi nyeupe, maana weupe huyarudisha mengi ya mapigo ya jua. Bati lenye kutu huyanywa.

Tatu, mwanya ulio kati ya ukuta na paa usizibwe kwa udongo. Hapo ndipo joto hutokea. Lakini hapo pia ndipo mbu wa malaria huingilia. Basi na ufunikwe kwa wavu wa waya, upepo upite na mbu wazuiwe. Hata hivyo chandarua kisiachwe.

Nne, chumba chenye mashine ya kupoza hewa kina sheria yake mbali. Humo kila ufa wa mlango na dirisha uzibwe, kwani ubaridi utokao nje umelipiwa umeme. Lakini jiko la makaa lisiwashwe kamwe ndani ya chumba kilichofungwa: hewa yake ya sumu haina harufu, nayo huua watu usingizini.

Asiye na fedha za kutosha nyumba nzima na aanze na dari ya chumba wanamolala watoto.