Dondoo muhimu: Kapasita ya mchepuko kwenye redio ya ridhaa

Kapasita ya mchepuko huyapeleka mawimbi ya redio kwenye ardhi ya saketi yasirudi kwenye njia ya umeme. Katika megahezi 7, seramiki ya nanofaradi 10 huyazuia kwa omu 2 hivi tu, na hiyo yatosha. Adui mkubwa ni miguu mirefu: kila milimita huongeza takriban nanohenri 1, hivyo milimita 10 kwa jumla huigeuza kapasita hiyohiyo kuwa kama koili kuanzia megahezi 16. Miguu ikatwe mifupi kabisa, iungwe palepale kwenye transista. Kwa megahezi 144, pikofaradi 470 hadi 1,000 za kubandikwa juu ya bodi hufaa zaidi. Saketi ya volti 13.8 ipewe kapasita ya volti 50.