Uliacha Pombe Jumapili; Je, Ijumaa Jioni Itakukuta Wapi?

Andiko kuu: Methali 23:29–35
Soma pia: 1 Wakorintho 10:12–13, Mhubiri 4:9–12, Wagalatia 6:1–2



Mara nyingi tunapoita watu mbele, kuna ndugu anayekuja akilia na kusema, "Mchungaji, leo nimeacha pombe." Tunamwombea, tunapiga makofi, mama yake anafuta machozi. Kisha anaenda nyumbani. Jumatatu inapita, Jumanne inapita. Ijumaa jioni amelipwa, ujumbe wa M-Pesa umeingia, na njia ya kwenda kwake inapita pale pale alipozoea kunywa. Saa hiyo hakuna kwaya, hakuna mchungaji. Ni yeye, pesa na kiu.

Somo la wiki hii ni la saa hiyo.

Watu wengi wanaijua Methali 23 kwa ule mfano wa nyoka anayeuma, lakini hawafiki mstari wa mwisho. Hebu usome polepole. Mlevi amepigwa, ameumia, hata hakuhisi. Na akizinduka, wazo lake ni moja tu: aitafute tena. Ona hapo! Neno la Mungu linatuonyesha kwamba maumivu ya jana hayatoshi kumzuia mtu leo. Ndiyo sababu kumkemea mlevi kwa kumhesabia hasara zake hakumsaidii sana. Hasara anazijua. Anajua mahindi yaliuzwa na karo haikulipwa. Anajua watoto hujifanya wamelala wakisikia akigonga mlango.

Mimi ninayeandika somo hili nilikunywa miaka 11. Nilianza na busaa kwenye sherehe, nikamalizia na chang'aa kwa mama pima. Niliacha mara nne kabla ya kuacha kabisa. Na zile mara nne sikuwa nikidanganya. Niliapa kwa moyo wote. Kosa langu lilikuwa kudhani kiapo cha Jumapili kitanibeba hadi Ijumaa bila mimi kupanga chochote. Wokovu nilipewa bure, lakini jioni zangu nilipaswa kuzilinda. Wacha nikuambie mambo matano niliyojifunza.

1. Jua saa yako na njia yako

Kiu ya pombe huja kama wimbi. Inapanda, inakaa, inashuka. Wakati inapanda unaona kama haitaisha, lakini mara nyingi hupungua hata kabla ya nusu saa. Kazi yako si kushinda maisha yote leo. Kazi yako ni kuvuka hiyo nusu saa.

Mtume Paulo anasema katika 1 Wakorintho 10:13 kwamba pamoja na jaribu Mungu huweka mlango wa kutokea. Lakini mlango hutafutwa mapema, si moshi ukishajaa nyumbani. Kama ni Ijumaa baada ya kazi, kula kabla hujatoka, maana njaa ni rafiki wa kiu. Pita njia nyingine hata kama ni ndefu. Siku ya malipo, mtumie mke wako au mama yako pesa kabla hujainuka ulipo. Na kama ni kwenye sherehe ambapo wazee wameketi na mirija yao kwenye chungu, uwe na jibu tayari: "Asante mzee, mimi nipewe mursik." Usianze kueleza sana. Anayejieleza sana hushawishiwa.

Mipango ya namna hii imepimwa hapa hapa Eldoret. Katika kliniki za AMPATH, watafiti waliwaalika watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi ambao walikuwa wakinywa. Walikutana kwa vikundi, vikao 6, kimoja kila wiki, kwa Kiswahili. Waliowaongoza walikuwa washauri waliofunzwa kazi hiyo, si madaktari. Washiriki walijifunza kutambua kinachowavuta, kukataa wanapopewa, na kupanga siku zao. Utafiti huo ulihusisha watu zaidi ya 600, na matokeo yake yalichapishwa mwaka wa 2021: waliopita kwenye vikao hivyo walipunguza kunywa kuliko wenzao waliofundishwa afya kwa jumla. Kumbe mtu wa kawaida aliyefunzwa vizuri anaweza kumsaidia mwenzake. Ushirika wetu wa nyumbani unashindwa na nini?

2. Uwe na mtu wa kumpigia simu

Mwezi wa Mei 1935, mfanyabiashara wa New York aitwaye Bill Wilson alikuwa katika hoteli mjini Akron, Marekani. Alikuwa ameacha pombe miezi michache tu. Biashara iliyompeleka huko ilikuwa imeharibika, na sauti za watu wakinywa kwenye baa ya hoteli zilimfikia. Akaenda kwenye simu badala ya baa. Akapiga kwa mhudumu wa kanisa, akiomba aunganishwe na mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Hatimaye akakutanishwa na daktari mmoja, Bob Smith, aliyekuwa akiangamia kwa pombe. Daktari alikuja akisema atakaa dakika 15. Walizungumza kwa saa kadhaa. Kutokana na wawili hao kikaanza chama cha Alcoholics Anonymous, ambacho leo kina vikundi hata hapa Kenya.

Mhubiri alishasema: wawili ni afadhali kuliko mmoja, kwa sababu mmoja akianguka mwenzake atamwinua. Basi kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu, chagua jina moja. Mwambie leo, ukiwa na akili timamu: "Nikikupigia jioni, tafadhali shika simu. Si lazima unihubirie. Zungumza nami tu mpaka nifike nyumbani."

3. Ukianguka, usilale hapo

Yule Daktari Smith, baada ya kukutana na Wilson, alisafiri kwenda mkutanoni akanywa tena. Alirudi akiwa hoi. Hakufukuzwa. Alipokelewa, akaanza upya, na tarehe 10 Juni 1935 ndiyo inahesabiwa kuwa siku alipokunywa mara ya mwisho. Hakunywa tena hadi alipofariki mwaka wa 1950.

Methali 24:16 inatukumbusha kwamba mwenye haki huanguka mara saba na kuinuka tena. Adui ana uongo mmoja anaoupenda: "Umeshaharibu, sasa malizia chupa." Glasi moja ni kosa, kukaa mpaka usiku ni uamuzi mwingine. Simama hapo hapo, piga ile simu.

Na sisi kanisa, hapa tuna dhambi ya kutubu. Ndugu akianguka, habari zinafika kwenye kundi la WhatsApp kabla hazijafika kwenye maombi. Dada akinywa ndiyo kabisa, maana tunamwonea aibu mara mbili, naye anajificha. Wagalatia 6 inasema tumrejeze mtu wa namna hiyo kwa upole, tukijiangalia nafsi zetu. Mtu akikosa ibada Jumapili mbili, usiulize watu. Mtembelee.

4. Mwili nao unahitaji kutunzwa

Hili nalisema kwa uzito, maana linaweza kuokoa maisha. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu akiacha ghafla, mwili unaweza kumgeuka ndani ya siku chache. Anatetemeka, anatoka jasho, moyo unaenda mbio, anaona vitu ambavyo havipo, au anapata kifafa. Wengine hufa.

Ndugu zangu, tukiona hivyo tusikimbilie kusema ni pepo na kumfungia kwenye kesha. Mpeleke hospitali usiku huo huo, ukimwombea njiani. Luka aliyetuandikia Injili alikuwa tabibu. Na anayekunywa kila siku asiache peke yake nyumbani. Aone daktari kwanza ili aache kwa usalama. Ukikosa pa kuanzia, piga 1192, namba ya NACADA. Haitozwi.

5. Weka sababu yako mbele ya macho

Furaha ya wiki ya kwanza huisha. Mwezi wa tatu watu wameacha kukupongeza, na unajiuliza, ati ninafanya haya kwa nini? Siku hiyo unahitaji kitu cha kushika.

Mimi nilinunua daftari. Ukurasa wa kwanza niliandika jina la binti yangu. Kisha kila jioni niliandika shilingi 100, kiasi ambacho ningekunywa. Mia moja si kitu, sivyo? Lakini mwaka mzima ni 36,500. Hiyo ni karo. Siku ya kurudi shule nilimpeleka mwenyewe, tukapanda matatu pamoja, na njiani akalala akiniegemea bega. Zamani alikuwa haniegemei. Sijawahi kuandika jambo hilo kwenye daftari, lakini ndilo ninalolikumbuka kiu ikija. Kwa sababu hata sasa, wapendwa, kuna jioni ambazo inakuja.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Ni saa gani na mahali gani panapokuvuta zaidi? Utabadilisha nini wiki hii?
2. Nani utampigia simu? Na wewe unayesoma ambaye hunywi, ni nani anaweza kukupigia saa tatu usiku?
3. Kuna ndugu aliyeacha kuja kwa aibu? Nani atamtembelea kabla ya Jumapili?

Tuombe

Baba, asante kwa siku ya leo. Sikuombi nguvu za mwaka mzima. Nipe za jioni hii. Nionyeshe mlango, nipe na rafiki wa kutembea naye. Nikianguka, nikute nikiinuka. Katika jina la Yesu, Amina.