Mwanangu na Unga

*Mwanangu hutumia unga. Akiukosa hutokwa na kamasi, hutapika na kugaagaa kwa maumivu. Je, nimfungie chumbani hadi aache? — Mama, Temeke*

Usimfungie, mama. Hali hiyo, iitwayo arosto na ambayo aghalabu hupungua baada ya juma moja, ni mwili uliozoea unga, yaani heroini, ukidai ada yake. Hatari kubwa huja baadaye, kwani aliyeacha kwa siku kadhaa, akirejea kipimo chake cha zamani ambacho mwili haukimudu tena, huweza kukatika pumzi. Mpeleke Muhimbili, ambako tangu mwaka 2011 hutolewa methadoni, dawa ya kutuliza arosto inywewayo kila siku mbele ya mhudumu. Na iwapo hujidunga, apimwe Ukimwi na homa ya ini. Ukimkuta haamki, midomo imebadilika rangi, mlaze kwa ubavu, mkimbize hospitali papo hapo.