Mtoto Aliyeketi Nyuma

Watoto, labda katika masomo yenu yuko mtoto mwenye ngozi nyeupe na nywele za rangi ya mahindi, na baba na mama yake ni weusi. Watu humwita zeruzeru. Jina hilo humwumiza. Sisi tuseme mwenye ualbino.

Imekuwaje? Katika ngozi ya mtu mna kitu kiitwacho melanini. Ndicho kinachotia rangi ngozi, nywele na macho. Mtu mweusi anayo nyingi, mwenye ualbino anayo kidogo sana, au hana kabisa. Wazazi huweza kuwa na ualbino umefichika mwilini mwao, wasijue. Mtoto akiurithi kwa baba na kwa mama pia, huonekana. Si laana, wala mama hakukosa neno. Tena hauambukizi. Kula naye sahani moja: hutapata kitu, ila labda atakushinda kumaliza samaki!

Kijana mmoja wa namna hii aliingia darasa la tatu. Aliposikia wengine wanacheka mlangoni, alikwenda kuketi nyuma kabisa, karibu na ukuta. Aliwaza: «Nani atapenda kuketi nami?» Mwalimu akaandika hesabu ubaoni, yeye hakunakili hata moja. Mwalimu akadhani ni mvivu. Kumbe hakuona! Macho yenye melanini kidogo hayaoni vema mbali, na mwanga mkali huyaumiza. Haya ilimpeleka mbali na ubao, na kila siku somo lilimpita.

Mwalimu alipojua, alimweka benchi la mbele, mbali na dirisha lenye jua. Akauliza nani ataketi naye. Kimya. Halafu msichana mmoja akachukua daftari yake, akasogea. Siku ile kijana alinakili hesabu zote kumi. Mbili alikosa, kama wenzake.

Jua pia ni adui yake. Ngozi yake huungua upesi, na baada ya miaka huweza kupata kansa. Kwa hiyo huvaa kofia pana na shati la mikono mirefu. Mkiicheka kofia yake, ataivua. Akiivua, ataungua.

Salif Keita, mwimbaji wa nchi ya Mali, alizaliwa mwaka 1949 na ualbino. Sauti yake inajulikana katika nchi nyingi.

Maulizo. Kwa nini kijana hakunakili hesabu? Kofia yake ina kazi gani? Katika darasa lenu nani huketi nyuma, na kwa sababu gani?